Ukaguzi wa moto wa NRC kwenye vituo vya nyuklia: nyota nne, ya tano nimeizuia kwanza

Nianze na hukumu kabisa ili mwenye haraka asihangaike kushuka mpaka chini: nyota nne kati ya tano. Ninachokipima hapa sio mtungi wa kuzimia moto wala alamu, ni huduma nzima ya ukaguzi wa moto ambayo tume ya nyuklia ya Marekani, NRC, inawafanyia wenye vituo vya umeme wa nyuklia, yaani wanaipangaje, wanampeleka nani, kwa masaa mangapi, na wakishafika wanaangalia nini. Ni huduma ya ajabu kidogo maana mteja hakuiomba, kuikataa hawezi, na bili analetewa yeye yeye. Uzuri ni kwamba miongozo yake na ripoti za kila ukaguzi ziko wazi mtandaoni bure kabisa, mtu yeyote wa kinga ya moto anaweza kuzishusha, na ndo nilichofanya, nimezisoma nyingi tu, nyingine kavu mpaka macho yanauma.

Wengi wakisikia ukaguzi wa moto wanapiga picha ya jamaa anazunguka na karatasi anahesabu mitungi na kuvuta milango kama inafunga. Hiyo ipo, tutaifikia, ila sio kazi yenyewe. Kwenye kituo cha nyuklia swali sio jengo litaungua au haliungui, swali ni moto ukiwaka kwenye chumba hiki hapa, je mtaweza bado kukizima kinu cha nyuklia na kukipoza? Maana kinu hata ukishakizima kinaendelea kutoa joto, kwa hiyo maji lazima yazunguke, maji yanataka pampu, pampu inataka umeme, umeme unapita kwenye kebo, na kebo hizo zinakatiza chumba hadi chumba mpaka sehemu ambazo ukipita huwezi kudhani kuna cha maana. Moto mdogo kwenye chumba kisicho na mtambo wowote wa kutisha unaweza kukuondolea pampu zilizo jengo lingine kabisa.

Na hili halikuanzia kwenye makaratasi. Tarehe 22 Machi 1975 kule Browns Ferry, Alabama, mafundi walikuwa wanatafuta upepo unaovuja kwenye matundu ya ukutani yanayopitisha kebo, wakatumia mshumaa, mwali ukivutwa unajua hapo panavuja. Sponji ya kuzibia ikashika moto, ukapenya upande wa pili wa ukuta, ukawaka karibu masaa saba na kebo zaidi ya 1,600 zikaharibika, 628 kati yake za mifumo ya usalama. Vinu viwili vilikuwa vinafanya kazi muda huo, na kinu cha kwanza kikapoteza mifumo yake ya dharura ya kupoza, waendeshaji ikabidi wapeleke maji kwa pampu ambazo hazikuwekwa kwa ajili ya dharura kama ile. Kinachoniuma kila nikisoma ni kwamba mkuu wa zimamoto wa mji wa jirani alishauri watumie maji mapema tu, wakubwa wa kituo wakaogopa kumwagia kebo za umeme, walipokuja kukubali jioni moto ukaisha muda mfupi.

Mwaka 1980 ndo likatoka fungu la kanuni linaloitwa Kiambatisho R, na bila hilo hutaelewa wakaguzi wanatafuta nini. Kama kebo za njia mbili za kuzimia kinu ziko eneo moja la moto, basi ama kati yake kuna kizuizi kinachohimili moto masaa matatu, ama ziko mbali futi 20 bila kitu cha kuungua katikati huku kukiwa na vitambuzi na mfumo wa kuzima unaojiwasha wenyewe, ama njia moja imefungiwa ndani ya kizuizi cha saa moja, tena na vitambuzi na mfumo wa kuzima. Ukishindwa zote tatu unatakiwa uwe na njia mbadala ya kuzimia kinu isiyotegemea chumba hicho. Kuna na mengine, taa za dharura zenye betri ya masaa nane, kikosi cha moto cha watu wasiopungua watano kila shifti, na kinu kiweze kufikishwa hali ya baridi ndani ya masaa 72. Wale watano wa kikosi ni wafanyakazi wa kituo wenyewe, na kanuni inataka wawe wamefunzwa na wanafanya mazoezi.

Sasa tuje kwenye huduma yenyewe. Iko ya ngazi mbili na hapa ndo nawapa sifa zao. Ngazi ya kwanza ni wakaguzi wakazi, hawa wana ofisi hapohapo kituoni, kazi yao ya kila siku ni kuzunguka. Kila robo mwaka wanachagua maeneo kadhaa wanayapitia kwa upande wa moto: kuna makopo ya mafuta au mbao zimeachwa, mlango wa moto umeegeshwa na kabari, mpira wa maji una bomba lake la mbele, kibali cha kuchomelea kimebandikwa na mlinzi wa moto yupo kweli au kaenda kunywa chai. Mara moja kwa mwaka wanaangalia zoezi la kikosi cha moto, wamevaa kwa dakika ngapi, redio zinasikika, kiongozi anajua chumba kina nini ndani. Hakuna cha kutangaza kwamba tunakuja, maana wapo tayari.

Ngazi ya pili ni timu kutoka ofisi ya kanda, na NRC ina kanda nne. Kwa miaka mingi hii ilikuwa inakuja kila miaka mitatu, na mpango wake kwangu ni kazi ya watu waliokaa wakafikiri. Hawaji kuangalia kila kitu, na hawajifanyi wanaweza. Kabla ya ukaguzi wanatuma barua ndefu ya kuomba nyaraka, michoro ya kebo, uchambuzi wa moto, orodha ya mabadiliko, ripoti za majaribio, halafu kiongozi wa timu na baadhi ya wenzake wanaenda kituoni siku mbili tatu kukusanya taarifa na kupita vyumbani kwa macho yao. Hapo wanashirikiana na mchambuzi wa hatari wa kanda, yule anayejua kwa hesabu chumba gani kikiungua kinakupeleka karibu zaidi na balaa la kuyeyuka kwa mafuta ya nyuklia, na mpaka mwongozo ulipobadilishwa 2020 walikuwa wanachagua maeneo matatu mpaka matano basi. Kituo kina maeneo ya moto mengi kuliko hapo kwa mbali, lakini walikuwa wanachimba haya machache mpaka chini.

Ukinisikiliza jambo moja tu kwenye maoni yangu yote haya basi sikiliza hili: ukaguzi unafaulu au unafeli siku ya kuchagua vyumba. Timu ikichagua kwa uvivu, vyumba vilevile vilivyokaguliwa mara iliyopita, au vyumba rahisi kufika ambavyo hata suti za mionzi hazihitajiki, wiki zote zinazofuata zitakuwa za kunywa kahawa na kusaini. Timu iliyochagua vizuri unaiona kwenye ripoti zake, wanachukua kebo moja ya pampu moja, wanaifuata chumba kwa chumba kutoka kwenye swichigia, yaani makabati ya swichi za kugawia umeme, mpaka kwenye pampu, na katikati ya safari wanaikuta imepita mahali ambapo mchoro unasema haipiti. Huwezi kuyaona hayo kwa kutembea tu.

Na kwenye kuchagua ndo nina nongwa yangu ya kwanza. Hesabu za hatari zinavuta sana kwenye vyumba vya kebo, vya swichigia na chumba cha udhibiti, sawa, nakubaliana, ila historia inasema ukumbi wa tabaini, ule mtambo unaozungushwa na mvuke kuendesha jenereta, usiuchukulie poa. Vandellós 1 ya Hispania, tarehe 19 Oktoba 1989, moto ulianzia kwenye tabaini na kituo hakikuwashwa tena mpaka leo. Narora kule India, tarehe 31 Machi 1993, vipande vya tabaini vilikatika, hidrojeni ya kupozea jenereta ikatoka, moto ukafuata kebo, kituo kikakaa bila umeme karibu masaa 17. Mafuta ya kulainishia, hidrojeni, vyuma vinavyozunguka kwa kasi ya ajabu, vyote viko pale, na kwa sababu sio upande wa nyuklia watu wanaupita harakaharaka. Mimi ningeweka kwenye mpango kwamba kila raundi lazima eneo moja litoke huko, hesabu iseme isemavyo.

Haya, watu. Timu ya kawaida ni watatu au wanne, mmoja wa kinga ya moto, mmoja wa umeme, mmoja wa mitambo au uendeshaji wa kinu, na kiongozi ambaye mara nyingi ni mmoja wao. Wa kinga ya moto anaangalia sprinkla, yaani vinyunyizio vya maji vya darini, vitambuzi, milango, sili za matundu, pampu za maji ya moto. Wa uendeshaji anachukua utaratibu ule wa kukimbia chumba cha udhibiti na kuzimia kinu kutoka kwenye paneli ya mbali, anatembea nao hatua kwa hatua na waendeshaji, saa mkononi: ngazi hii inapandika ukiwa na moshi? valvu hii inafikika? taa inamulika hapa au inamulika ukuta? redio inashika ndani ya zege hili? Sehemu hii ni tamu, naisoma kila ripoti, maana ndo karatasi inapokutana na miguu ya mtu, na mara nyingi dakika zilizoandikwa kwenye karatasi ni za mtu aliyekuwa amekaa kwenye kiti.

Lakini wa umeme ndo almasi ya timu, na ndo hapa nyota yangu ya tano imekwama. Kebo ikiungua haikatiki tu kimyakimya, nyaya zinagusana, na waya wenye umeme ukimgusa jirani yake unaweza kufungua valvu ambayo hakuna mtu kaigusa, au kuwasha pampu ambayo haikutakiwa kuwaka. Sasa chukulia valvu mbili zinafunguka zenyewe kwa wakati mmoja kwa sababu ya moto uleule, maji ya kupozea yanatoka mahali yasipotakiwa na mwendeshaji anaangalia taa zinamdanganya. Kuchambua hilo kunataka mtu anayesoma michoro ya saketi kama anasoma gazeti, na wakati huohuo anajua kinu kinaishije. Watu hao ni wachache. Mtu wa kuhesabu mitungi unamfundisha kwa muda mfupi, mtu wa saketi za moto anachukua miaka na akishaiva kampuni zinamtaka, ushauri unamtaka, kustaafu kunamtaka. Mwongozo unasema timu iwe na utaalamu huo, vizuri, ila mwongozo hauzalishi mtaalamu. Mpango wowote wa ukaguzi wa moto wa nyuklia, uwe wa nchi yoyote, ungeanza na kuuliza tuna watu wangapi wa saketi, kisha ndo uamue utakagua vituo vingapi kwa mwaka. Unakuta wengi wanafanya kinyume, kalenda kwanza, halafu mtu mmoja anarushwa kituo hadi kituo mpaka anachoka.

Kuhusu masaa. Ukaguzi wa timu unaandikiwa makadirio ya masaa kabisa, ya kituoni na ya maandalizi na ya kuandika ripoti, na sio suala la ndani tu, maana sheria ya Marekani inaitaka NRC irudishe karibu bajeti yake yote kwa ada, na masaa ya mkaguzi yanalipiwa na mwenye kituo saa kwa saa. Kwa upande mmoja napenda, anayeleta hatari ndo analipia kukaguliwa. Kwa upande mwingine kila saa inayoongezeka kuna mtu anaiona kwenye bili na analalamika, na kelele za kupunguza masaa haziishi. Mwaka 2020 ukaguzi ule wa miaka mitatu ulibadilishwa, mwongozo mpya hauanzii tena kwenye vyumba kama zamani, unaanzia kwenye mifumo na vifaa ambavyo kituo kinasema kinavitegemea, pamoja na taratibu za kudhibiti vitu vya kuungua na mabadiliko yaliyofanywa. Una faida, unakamata haraka kifaa kilichozeeka bila kutunzwa. Ila mimi ni wa vyumba. Moto haujui mfumo, unajua chumba, unaunguza kilichopo humo chote bila kuuliza cha nani. Ukianzia kwenye kifaa ni rahisi kusahau kuuliza kifaa kina jirani gani.

Tabu nyingine ni kwamba sheria zenyewe ziko mbili. Kuna vituo vimebaki na Kiambatisho R, na kuna karibu nusu ya vinu vilivyohamia njia inayopima hatari, iliyoruhusiwa mwaka 2004 kwa kufuata kiwango cha NFPA 805 cha chama cha kinga ya moto cha Marekani. Kituo cha Shearon Harris cha North Carolina kilikuwa cha majaribio na kikaidhinishwa 2010. Kwa mpangaji wa ukaguzi hii maana yake timu ileile mwezi huu inapima futi 20 kwa utepe, mwezi ujao inabidi isome modeli ya kompyuta ya moto na kuamua kama dhana zake zina akili. Maandalizi sio sawa kabisa, na ukinipa nafasi ningetenga masaa mengi zaidi ya ofisini kwa hivi vya modeli, maana kule kosa halionekani ukutani, limejificha kwenye namba ambayo mtu aliichagua.

Halafu kuna kitu kinaitwa hatua za kufidia. Mfumo wa sprinkla umeharibika, au kizuizi kimegundulika hakifai, kituo hakilazimiki kuzima kinu siku hiyohiyo, kinaweka mlinzi wa moto, mtu anapita kila saa au anakaa hapo muda wote. Ni busara kwa siku chache. Tatizo siku chache zinaweza kugeuka miaka. Sakata la Thermo-Lag ndo mfano wa darasani, ilikuwa nyenzo ya kufungia kebo iliyouzwa kama kizuizi cha saa moja au masaa matatu, majaribio yakaonesha haifiki, mwaka 1992 NRC ikatoa tahadhari kwa vituo vyote, na vituo vingi vikawa vinaishi kwa walinzi wa moto wanaozunguka kwa muda mrefu huku suluhisho linatafutwa. Kwa hiyo timu ikifika, kabla hata ya michoro, ningetaka waombe orodha ya hatua za kufidia zilizo wazi na umri wa kila moja. Karatasi hiyo moja inakwambia tabia ya kituo kuliko siku nzima ya mawasilisho ya menejimenti.

Wakigundua kosa linapewa rangi, kijani, nyeupe, njano au nyekundu, kadiri ya hatari, kijani ndo ndogo kabisa na nyekundu ndo kubwa. Kwa moto kuna utaratibu wake maalum wa kupima na hapo inakuwa ngoma nzito, kukadiria moto ungeanzaje, ungekua vipi, kikosi kingefika baada ya muda gani. Kosa likishindwa kuamuliwa mapema kuwa ni la kijani basi jiandae kusubiri, wachambuzi wanaingia, kituo kinaleta wachambuzi wake, barua zinapishana. Kwa mpangaji hii ni gharama iliyofichika, masaa ya ukaguzi yameisha lakini yule yule mtu wa saketi bado anaitwa kwenye vikao vya rangi.

Kulinganisha kidogo na wengine. IAEA, shirika la kimataifa la nguvu za atomiki, wana ujumbe wa kupima usalama wa uendeshaji unaoitwa OSART tangu 1982, wataalamu wa nchi mbalimbali wanakaa kituoni karibu wiki tatu na moto ni sehemu ya wanachoangalia, ila wanaenda kwa mwaliko na hawana rungu, ni mapendekezo. Uingereza, msimamizi wa nyuklia ONR alikabidhiwa mwaka 2014 na usimamizi wa usalama wa maisha ya watu dhidi ya moto kwenye maeneo yenye leseni, yaani njia za kutokea, alamu, watu kutoka salama, kwa hiyo nyumba moja inashika moto wa watu na moto wa kinu. Hilo nalipenda kuliko mpangilio wa Marekani, maana mlango mmoja unaweza kuwa mzuri kwa kuzuia moto na mbaya kwa mtu anayekimbia, na wakaguzi wawili wa ofisi mbili wanaweza kumpa mwenye kituo amri zinazopingana.

Lalamiko la tarehe kujulikana nimeona watu wanalitoa sana, eti ukaguzi uliotangazwa hauna maana, wanafagia kabla. Mimi silipi uzito sana. Mafuta yaliyomwagika utayafuta usiku mmoja, kebo iliyopita chumba kibaya huwezi kuihamisha kwa wiki mbili, na ya kufagiwa ni kazi ya mkaguzi mkazi ambaye hatangazi.

Kama unapanga ukaguzi wa namna hii na una muda wa kusoma kitu kimoja tu, usianze na mwongozo, anza na ripoti za vituo vitatu vinne vya umri tofauti, ruka kurasa za utangulizi uende kwenye maelezo ya kosa lililopatikana, andika pembeni liligunduliwa na nani wa timu na akiwa anafanya nini muda huo, kisha ndo urudi kwenye mwongozo uone masaa yamegawanywaje.